Laki Moja na Moja

Magoti ya binti yangu yalikuwa na alama za changarawe, na goti moja lilikuwa linatoka damu. Hapo nikachoka kuvumilia. Niliacha ndagala mbichi kwenye wavu wa kuanikia samaki nikaelekea shuleni, mikono inanuka.

"We! Vaa hata viatu!" wifi yangu akapiga kelele nyuma.

Sikurudi.

"Amahoro, mama," mwalimu akanitakia amani.

"Hakuna amahoro. Kwa nini umemupigisha mutoto wangu magoti kwenye mawe?"

"Nilimuuliza nani amemufundisha upuuzi huu, akanyamaza. Hiyo ni kiburi."

Akanifungulia daftari. Laki moja na moja: haigawanyiki kwa namba yoyote, ila kwa moja na kwa yenyewe.

Maneno yale yalikuwa yangu.

Jana yake jioni, kwenye kazi ya nyumbani, mtoto alikuwa ameandika kwamba inagawanyika kwa kumi na moja. Nikamuuliza amejuaje.

"Nimeigawa kama ndagala."

Hapa Minago, kando ya ziwa, mimi na wifi tunagawana samaki hivyo: kiganja kwangu, kiganja kwake, mpaka beseni liishe. Yeye alizigawa tarakimu: moja kushoto, sufuri kulia, sufuri kushoto, akaendelea hivyo mpaka moja ya mwisho, iliyoangukia kulia. Kushoto akapata moja, kulia moja.

"Mafungu yakilingana, mama, kumi na moja inaingia. Nimejaribu namba nyingi."

Nilimcheka. "Hii ni hesabu, si soko." Si nilimaliza sekondari bwana! Nikajaribu mbili, tatu, tano, saba. Zote zikagoma, nikachoka. Kifutio nilikishika mimi mwenyewe. Yeye akaniangalia tu, akaandika nilichomwambia.

Pale mbele ya mwalimu nikalifunga daftari, nikalitia kwapani. Niliondoka kama niliyemwagiwa maji. Nyumbani nikaigawa namba ile polepole, kwa kumi na moja. Ikatoka elfu tisa tisini na moja, bila baki.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Wangekucheka, mama." Akalisukuma daftari mbali. "Hesabu sitaki tena. Nitakuwa nanakili za wenzangu."

Nilitamani anitukane.

Asubuhi nikaenda kwa direkta, mkuu wa shule, na lalamiko langu limeandikwa, safari hii nimevaa viatu. Alilisoma amesimama. Niliandika kwamba mwalimu alimtesa mtoto kwenye changarawe, kwamba namba ile irudishwe ubaoni na binti yangu aigawe kwa njia yake, darasa lote likiona. Na chini kabisa: jibu la makosa ni la mama yake, ndiye aliyefuta la kweli.

"Mama, huu mustari wa mwisho uondoe," akasema. "Unajiharibia. Mwalimu ataushikilia huo huo."

"Aushikilie."

"Na watu wataongea."

"Piga muhuri kwamba umeipokea, direkta."

Akapiga.