Nyumba Aliyoijaribu Furaha

Harufu ya plaiwudi iliyotoka kukatwa bado hunitia wivu. Wengine wivu huwapata wakiona gari la jirani au pete kidoleni mwa rafiki. Mimi hunipata nikipita karakana za Minto, hapa Sydney, asubuhi, madirisha ya gari yakiwa wazi, harufu ya mbao na gundi ikiniingia mpaka kooni. Papo hapo ninakuwa na miaka tisa tena, nimesimama nyuma ya nyumba yetu ya kupanga kule St Marys, tepu ya kupimia mkononi, na ninamchukia msichana mmoja ambaye hakunikosea chochote.

Baba alikuwa msanifu majengo. Nairobi alikuwa amechora maghorofa. Sydney walimpa kazi ya kuchora vyoo vya maghala na sehemu za kuegesha magari, kwa kuwa vyeti vyake vilikuwa bado vinaangaliwa. Viliangaliwa mpaka mimi nikamaliza kuota meno mapya. Hakulalamika sana. Akirudi jioni alibadilisha shati, akala, kisha akaingia gerejini kwenye kile alichokiita kazi yenyewe. Huko alikuwa akibuni nyumba ya vipande: kuta, sakafu na paa vinatengenezwa karakanani, vinapakiwa kwenye lori moja, na watu ambao si mafundi wanaviunganisha kwa siku moja bila kreni. Ilikusudiwa mtu asiye na uwezo wa kununua nyumba, au kama Mama alivyopenda kusema, watu kama sisi.

Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba kila kipande kiweze kubebwa na wanawake wawili. Alisema huko alikokulia wanawake ndio walioachiwa nyumba za kujenga, wanaume wakiwa mjini wanatafuta riziki. Basi kipande kipya kilipokamilika, Mama na rafiki zake aliofanya nao kazi ya kutunza wazee waliitwa gerejini wakiwa bado na sare zao, wakiinue. Kikiwa kizito Mama alikitua tu. Akaenda kuchemsha chai, na Baba alijua ni kurudi kwenye meza ya kuchora.

Nami nilikuwa msaidizi wake. Nilishika ncha ya tepu. Mtaniambia ni kazi ndogo, lakini nilikuwa kifungua mimba mwenye wadogo mapacha walioninyang'anya kila kitu, hata magoti ya Baba. Gereji ilikuwa yangu. Humo ndimo nilimwambia kwamba nyumba ile lazima iwe na dirisha la duara na ukuta wa zambarau. Alinijibu, "Tutaona," na mimi nilikuwa bado sijajua kwamba mzazi akisema tutaona, ameshakataa.

Ndipo akaja Furaha. Mama yake alikuwa Mkongo wa upande wa Goma. Walifika Australia mwaka uliotangulia, baada ya kuishi kambini miaka mingi, naye akapata kazi pale pale alipofanya Mama. Zamu zao zilipogongana Jumamosi, Furaha aliletwa kwetu kwa treni kutoka Granville walikoishi. Alikuwa rika langu, mwembamba, mkimya, na alikuwa na kitu nisichokuwa nacho: alimjibu Baba kwa Kiswahili. Mimi nilielewa kila neno, lakini jibu langu lilitoka kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kanisani kwetu. Sikuwa nimeona ubaya wake mpaka siku Furaha alipofungua mdomo, nikauona uso wa Baba ukichangamka.

Akaanza kumuuliza maswali. "Ukilala, ungependa kitanda kiwe wapi?"

Furaha aliutazama sana mchoro uliobandikwa ukutani. "Pale naweza ona mulango," akasema. "Nione mwenye anaingia."

Baba alichukua ufutio akakifuta chumba alichokihangaikia wiki nzima. Kwa ajili yangu hakuwahi kufuta hata mstari. Jumamosi nyingine alimuuliza kuhusu madirisha, nyingine kuhusu mahali pa kupikia, naye Furaha alijibu polepole kwa maneno machache, na kila jibu lilihamisha kitu. Dirisha langu la duara halikutajwa tena.  Nikaanza kufanya mazoezi ya Kiswahili bafuni, mlango nimeufunga, nikijisemesha mbele ya kioo, ili nami siku moja niulizwe.

Siku ya kuisimamisha nyumba ilikuwa Jumamosi ya joto kali, nyenze wakilia juu ya miti bila kupumzika. Watu wa kanisa walikuja na masufuria ya pilau. Wanawake walibeba vipande wawili wawili, na kwa kuwa wengi walikuwa wauguzi na watunza wazee, walihesabu "One, two, three" kwa sauti ile ile ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Mmoja aliupapasa ukuta akauambia, "Well done, darling." Wanaume walikatazwa kugusa, wakabaki kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Alasiri nyumba ilikuwa imesimama kati ya kamba za kuanikia nguo na uzio wa jirani.

Nilikuwa nimeshajisogeza mlangoni. Nani mwingine angeingia wa kwanza? Baba akanipita, akamshika Furaha mkono. "Ingia, mama," akamwambia, na mama ndivyo alivyoniita mimi. "Ingia utuambie."

Sikuwahi kuumia vile. Nilibana uso dirishani nikimtazama. Alizipapasa kuta kwa chini, pale zinapokutana na sakafu. Alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akachungulia nje. "Na mvua?"

Baba akavuta mpira wa maji, akalimwagia paa. Watu walicheka, mapacha wakakimbilia matone. Furaha hakutoka. Alikaa sakafuni akisikiliza, akipeleka kiganja kwenye pembe moja kisha nyingine kuona kama pameloa. Maji yakaendelea kumwagika, naye akajilaza. Tulipochungulia baadaye alikuwa amelala fofofo juu ya mbao tupu. Mama Furaha, aliyekuwa akipakua pilau, aliweka mwiko chini akaenda kusimama peke yake kando ya uzio. Baba akawanyamazisha watu wote, akaketi kizingitini.

Nikamwendea. Kiswahili changu cha bafuni kilitoka bila mpango. "Baba, mimi haujawahi kuniuliza kitu."

Alishtuka, sijui kwa maneno yenyewe au kwa lugha. Akasogea kunipa nafasi. "Haya, mama. Mvua ikinyesha usiku, wewe hufanya nini?"

Nilitafuta jibu kubwa, la kumfanya ainuke kwenda kuchukua ufutio. Sikulipata. "Nalala tu," nikasema.

Alinitazama, macho yakamjaa maji. "Sawa," akasema. "Sawa kabisa." Hakuinuka, hakufuta chochote. Nilikwenda kulia nyuma ya gereji, nikiamini nimefeli mtihani.

Nyumba ile haikufika mbali. Mtu wa halmashauri alikuja akasema haina kibali, tukaifungua kipande kwa kipande, na hakuna kampuni iliyotaka kuitengeneza. Furaha na mama yake walihamia Melbourne. Nikakua, nikaolewa, nikawa na binti yangu. Alasiri moja mvua kubwa ilimkuta amelala, nikakimbia chumbani nikidhani ameshtuka, kumbe hata hakujigeuza. Nilisimama pale nikimtazama mpaka miguu ikachoka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Furaha aliulizwa kwa sababu yeye na mama yake walikuwa wamekesha mvua nyingi kule kambini wakishikilia pembe za turubai zisichukuliwe na upepo. Mimi sikuulizwa kwa sababu sikujua lolote, na Baba alikuwa amehangaika sana ili nisijue. Siku ile kizingitini nilidhani nimekosa jibu. Kumbe nililosema ndilo alilotaka kulisikia siku moja kutoka kwa mtoto kama Furaha, na kila ubao wa ile nyumba aliukata kwa ajili ya jibu hilo.