Kengele Niliyokataa Kuipiga

Siku moja ninayoikumbuka hadi leo, mwanangu unayekwenda kuolewa, nilisimama kando ya mfereji, kitenge changu kimenaswa kwenye mnyororo wa baiskeli, na moyoni nimeshaapa kwamba Deo hatanioa. Cheka tu. Hata mimi nacheka sasa, lakini siku ile nilikuwa na machozi ya hasira.

Ilikuwa mwaka ule baada ya Kombe la Dunia kuchezwa katika nchi hii. Nilikuwa msichana wa kusuka nywele kwenye saluni hapa Point, mtaa huu wa karibu na bahari, nimetoka Uvira, sina baba wala mama katika mji huu. Deo alikuwa anatengeneza simu duka la jirani. Alikuwa ameniposa, na jioni ya siku hiyo, Jumamosi, mjomba wake angekuja kusikia jibu langu. Nilimpenda, sikatai. Ila niliogopa. Ugenini ukikosea mume, unarudi kwa nani?

Asubuhi ya siku hiyo hiyo sisi Waswahili, wageni tunaosema Kiswahili mjini humu, tulikuwa tumepanga matembezi ya baiskeli. Kiongozi alikuwa Juma, kijana wa Kitanzania aliyesoma historia chuoni kule Westville, na vuvuzela yake begani. Tukakodi baiskeli ufukweni, tukavuka roboti, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku, tukaingia njia ya kando ya mfereji wa zamani. Juma akatueleza kwamba watu waliuchimba kwa sururu na majembe kukausha kinamasi, kabla majumba haya hayajaota. Kuta zake za mawe bado zilikuwa imara, maji machache chini, na chupa za plastiki zinaelea.

Njia ilikuwa nyembamba, mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Kwa hiyo Juma alitoa sheria. "Mwenye shida apige kengele. Wa mbele yake akisikia apige yake, na wa mbele zaidi vilevile, mpaka inifikie mimi. Hakuna mtu wa kuachwa."

Mimi nikajiwekea sheria yangu. Deo alikuwa mbele yangu. Nikasema moyoni: akigeuka kuniangalia, hata mara moja tu, jioni nitasema ndiyo. Asipogeuka, hapana. Sikumwambia mtu. Nilijiona nina akili nyingi, kumbe!

Nilitazama mgongo wa Deo mpaka nikaukariri. Shati la buluu, shingo imekakamaa kama mtu aliyemeza mwiko. Tukapita daraja la kwanza, hageuki. Nikakohoa, hageuki. Nikaimba kidogo, ule wimbo anaoupenda, jamani, hageuki! Na mimi kwa heshima nilikuwa nimejifunga kitenge juu ya suruali, maana mjomba wake alikuwa na macho kila mtaa. Upepo ukakipeperusha, mnyororo ukakimeza, baiskeli ikagoma. Nikashuka. Deo huyo, anakwenda zake. Kengele ilikuwa hapo hapo chini ya kidole gumba changu, na sikuipiga. Nikasema, anayenipenda atajua tu.

Nyuma yangu alikuwa amebaki mtu mmoja, Mama Zaina, mjane wa Tanga aliyekuwa akiuza vitenge. Umri wa mama yangu, mwili wa kushiba, anakanyaga pedali polepole kama mtu asiyedaiwa na saa. Akanifikia, akashuka.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Niko sawa."

Akatazama kitenge, akatazama uso wangu. "Uko sawa na mnyororo unakula nguo? Mbona hukupiga kengele?"

Nikapasuka. Nikamwambia yote, mjomba na mgongo na mtihani niliouweka. Nilitegemea anionee huruma, aseme wanaume ndivyo walivyo. Mama Zaina akacheka mpaka akashika baiskeli isianguke. Kisha akaacha kucheka.

"Huyo Deo ulimwambia kuna mtihani?"

"Hapana."

"Basi amefeli mtihani ambao hakuitwa kuufanya. Sikiliza, mwanangu. Macho ya binadamu Mungu ameyaweka mbele. Nyuma hakuweka, na wewe wa nyuma akakupa mdomo. Mficha uchi hazai. Piga kengele. Akiitwa asirudi, hapo mkatae, tena nitakusindikiza twende tukamkatae pamoja."

Nikapiga, kwa aibu, kidogo.

"Unaita kuku?" akasema.

Basi tukapiga wote wawili, kwa nguvu. Mbele kengele moja ikajibu, ikafuatwa na kishindo cha kitu kuanguka. Kisha kengele nyingine, na nyingine, zinakwenda mbali, mpaka vuvuzela ya Juma ikalia huko mwisho. Msafara mzima ulikuwa umesimama kwa ajili yangu. Sikuwahi kujua katika mji huu kwamba nikiita, watu wote wale watasimama. Nililia, mwanangu, na safari hii haikuwa hasira.

Deo akatokea. Hana baiskeli, anakimbia kwa miguu, suruali imechanika gotini na damu inatoka.

"Noela! Iko nini? Umeumia?"

"Wewe ndiye umeumia. Umefanya nini goti?"

"Eish, nimeanguka. Nilisikia kengele yako, nikageuka." Akainamisha kichwa. "Mimi sijui velo, hii baiskeli, Noela. Nimejifunza wiki hii, kwenye maegesho ya magari. Nikigeuza shingo, na velo inageuka. Nilikuwa nataka sana kukuangalia, lakini niliona nitaingia kwenye mfereji, na mjomba atakuja kusikia jibu la marehemu."

"Sasa mbona hukuniambia?" nikamfokea.

Mama Zaina akanitazama. Nikajiziba mdomo kwa kiganja.

Deo akapiga magoti na lile goti bovu, akazungusha pedali kinyumenyume taratibu, mpaka kitenge kikatoka, kimejaa grisi. Tukarudi kwenye msafara tukisukuma baiskeli, tukicheka kama wendawazimu. Jioni mjomba alipata jibu lake, na watoto watatu unawajua.

Mama Zaina ametangulia mbele ya haki, lakini neno lake nakuachia wewe. Mji huu umetufundisha kusema "sharp", yaani mambo safi, hata siku tumbo liko tupu. Mtu anauliza habari, unajibu niko sawa, kisha unarudi chumbani kununa kwamba hakuna aliyejua. Watajuaje? Usimpime mtu kwa mtihani uliouficha. Mwambie mumeo, mwambie dada yako, mwambie jirani: nimekwama, rudi. Wengine utawaita na hawatarudi. Itauma, lakini utakuwa umejua, si kukisia. Na kumbuka kwamba yule unayemlaumu kwa kutogeuka, huenda naye shingo imemkakamaa kwa woga, na hajapata wa kumwambia.

Deo mpaka leo akiwa juu ya baiskeli hawezi kugeuka. Sasa mimi napiga kengele.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe sauti ya kuita bila aibu, akupe masikio ya kusikia wa nyuma yako, na siku utakayokwama, akuletee mtu wa kurudi, hata kama atarudi kwa miguu, goti linavuja damu.