Mwalimu wa Matambara

Muuza vitambaa alikwenda shuleni kumhamisha bintiye, maana mtihani wa kuzungumza Kiingereza ulikuwa umebakiza wiki mbili na mtoto bado alikuwa bubu katika lugha hiyo. Mwalimu mwenyewe alimfahamu: kila Ijumaa hupita dukani kwake kuomba vipande vilivyobaki. "Mwalimu gani wa matambara!" alinung'unika, akasimama dirishani amchungulie kwanza. Vidole vimejaa chaki hadi kwenye kucha, sauti ndogo, wala hampi mtu neno jipya bure. Mwanafunzi hufumba macho, hupapasa kitambaa na kueleza anachohisi kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Akikwama, ndipo hunong'onezwa neno moja zito lililompungukia.

Binti akapewa kipande cha gunia. Akafumba macho, akakipapasa, akakigeuza. Wenzake wakaanza kucheka. "Mwacheni, anatafuta," mwalimu akasema, naye akafumba macho, akashika upande wa pili wa gunia, akangoja kama mtu asiye na kipindi kingine. "Kinakwaruza," binti akasema hatimaye kwa Kiingereza, "kama sauti ya baba akigombana na wateja." Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akamnong'oneza neno moja zito la mkwaruzo huo, binti akalitamka mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Muuza vitambaa, ambaye mteja akisita kidogo tu hugombana naye au hupunguza bei, akaondoka bila kubisha hodi.