Gasketi Mbili za Lori la Baba

Moshi mweupe wa dizeli isiyoungua una harufu inayokaba koo, na asubuhi za utoto wangu kule Musienene zilianza nao. Baba alikuwa na lori kuukuu la kupeleka viazi na maharage Butembo. Gasketi ya kichwa cha injini, kile kibamba cha kuziba kati ya kichwa na injini, ilipoungua, vita vilikuwa vimefunga njia na mpya haikupatikana, basi akapachika mbili chakavu, moja juu ya nyingine. Nafasi iliyo juu ya pistoni ikaongezeka, hewa ikawa haibanwi sawasawa, na hewa isiyobanwa vizuri haipati joto la kuwasha dizeli, ambayo kwetu iliitwa mazutu. Mlimani lori lilijikokota. Kwenye baridi lilikohoa tu, likagoma. Mama alizoea kuliita mke mwenzake mvivu.

Asubuhi moja askari waliingia uani wakitaka lori liwafikishe Beni. Nilijificha nyuma ya kitenge cha mama. Baba alizungusha ufunguo tena na tena. Injini ikatoa moshi, ikanyamaza. Mkubwa wao akamwekea bunduki kifuani.

"Weye, unatuchezea? Umeharibu motere ili tusiende!"

"Hapana, chef," baba akasema. Akachukua pampu ya baiskeli, akaziba tundu lake kwa kidole, akasukuma kwa nguvu mpaka akahema. "Gusa hapa. Hewa ikikazwa inapata moto, basi njo moto yenye inawashaka mazutu. Motere yangu hapana kukaza muzuri. Tuipashe moto kwanza."

Yule mkubwa akagusa pampu, akashusha bunduki. "Kweli, iko moto."

Mama, machozi yakimtoka, akaleta maji ya moto tuliyoyachemsha kwa ajili ya uji. Baba akayamimina kwenye rejeta, tangi la maji ya injini, akangoja chuma kipate joto, akazungusha ufunguo. Likawaka! Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha.

"Kumbe ni weye tu unaijuaka," yule mkubwa akasema. "Panda."

Baba akapanda, akaliendesha. Hakurudi, wala lori halikuonekana tena.

Sasa naishi Butembo, na malori ya jirani yangu huwaka ufunguo ukiguswa tu, hata kwenye baridi kali. Wanangu hawaoni ajabu yoyote, na nafurahi kwamba hawaioni. Mimi bado nashtuka kila mara. Kama lori letu lingewaka kirahisi namna hiyo, askari wangelichukua lori tu na kutuachia baba.