Kikao chetu cha afya ya vijana kiko wiki ya kumi na moja na tumekataa kukifunga

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji wa maoni tu, sijawahi kuanzisha uzi. Lakini hili limenijaa hadi kooni. Sitatia chumvi, na nikitia, kuna nesi mmoja najua hupitia humu, atanikosoa mbele yenu.

Naitwa Mueni. Nasuka nywele Kenyatta Market na ninaishi upande wa Waiyaki Way, kabla hujafika Kinoo. Mtaani tuna kikundi cha vijana kumi na wawili, tunapigania afya ya watoto na ya vijana wenzetu. Mimi ndiye katibu. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, hakuna sababu nyingine.

Mambo yalianza na Sharon.

Sharon ni jirani yangu kwenye ploti, ana miaka kumi na saba, na amezaliwa na sickle cell, ule ugonjwa wa damu. Mama yake alitoka Bungoma akaja huku kutafuta kazi ya kufua. Kila mwezi Sharon anatakiwa aonekane kliniki na achukue dawa zake.

Sasa kliniki ya watoto ikamwambia amekuwa mkubwa. Akaenda kwa wakubwa. Kule foleni huanza alfajiri, nje, na baridi ndiyo huamsha maumivu yake. Mara ya mwisho alianguka akiwa amebakisha watu sita afike mlangoni. Tangu siku hiyo akakataa kurudi.

Aliniambia, "Mueni, heri niumwe nikiwa kwa kitanda yangu."

Nilikasirika, wakuu.

Na kumbe zahanati ina chumba cha watu kama Sharon! Chumba nambari sita. Mlangoni kimeandikwa kwa rangi ya kijani, CHUMBA CHA VIJANA.

Ndani kuna viti.

Si viti vya wagonjwa. Ni viti vya plastiki vya kamati ya mtaa, mia moja na ishirini, vimepangwa hadi vinagusa dari, pamoja na tenti. Sister Rose, nesi aliyesomea kuhudumia vijana, alikuwa anafanyia kazi kwenye korido. Hebu fikiria unamweleza nesi siri yako huku watu wanapita wakikusalimia kwa jina.

Tukaandika barua. Tukaipeleka ofisi moja huko town, orofa ya tano, lifti mbovu. Tukaambiwa barua peke yake haitoshi. Lazima tuitishe kikao cha wananchi tujadili kwa nini chumba hakitumiki, halafu tulete minutes, yaani kumbukumbu za kikao.

Na kikao kinahitaji nini? Viti.

Mwenye ufunguo wa viti ni Mzee Wanjala. Ni mstaafu, mzee wa kanisa, na ndiye mtu wa stoo wa kamati. Mtaani kwetu hakuna mkutano unaoanza au kuisha bila yeye kuomba. Ana daftari lake, counter book nyeusi yenye safu mbili: kikao kimefunguliwa, kikao kimefungwa. Kiti hakitoki kabla kikao hakijafunguliwa, na hakirudi kabla hakijafungwa. Ndiyo sheria yake, na huyo mzee kwa sheria ni jiwe.

Basi Jumamosi tukapiga tenti kwenye uwanja wa zahanati. Viti vyote vikatoka. Mzee akafungua kwa sala ya dakika ishirini. Watu wakaongea, na mama yake Sharon alipoelezea ile siku ya foleni, wanaume wazima waliangalia viatu vyao.

Tulikuwa kwenye AOB, yale mengineyo ya mwisho, mvua ikashuka. Ile mvua inayokuja kwa ubavu. Kila mtu mbio. Mzee Wanjala mwenyewe alionekana akikata kona, counter book ndani ya koti.

Kesho yake mimi na Kevo, mwenyekiti wetu, tukabeba viti turudishe. Mzee akasimama mlangoni mwa chumba nambari sita, mikono ameitandaza.

"Hivi viti mnapeleka wapi?"

"Ndani, mzee," Kevo akasema. "Si tulimaliza jana."

"Nani alifunga?"

"Kufunga nini?"

"Kikao! Mimi nilifungua na maombi. Nani alifunga na maombi? Katibu, lete minutes nione."

Nikampa. Sentensi ya mwisho niliyoandika ilikuwa: "Mvua ikanyesha."

Akanirudishia karatasi kama mtu anayerudisha chai isiyo na sukari.

"Si uombe sasa tufunge, mzee," nikamsihi.

"Na watu watatu? Quorum iko wapi? Msichana yangu, mimi siwezi pokea viti ya mkutano bado inaendelea. Hiyo ni uongo, na leo ni Jumapili."

Tukaviacha pale pale chini ya tenti. Nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu nilijua jioni hiyo kamati yote itatuita vijana wasio na adabu.

Jumatatu Sister Rose akafika kazini akakuta chumba nambari sita kiko wazi na hakina kitu. Hakuuliza mtu. Alifagia, akapiga deki, akaingiza meza na mzani, akafunga pazia alilolitoa kwake nyumbani. Kufikia saa sita mchana alikuwa ameona vijana tisa.

Jumatano nikamshika Sharon mkono tukaingia. Hakusimama nje hata kidogo. Akatoka na dawa zake na tarehe ya kurudi kwenye kadi. Njiani alinunua mahindi ya kuchoma akala yote bila kunimegea, na mimi ndiye nilifurahi.

Hapo ndipo akili ikanijia. Kikao kisipofungwa, viti havirudi. Viti visiporudi, chumba ni cha Sharon.

Nikaita kikundi. Katiba yetu inasema kikao hakifungwi kama kuna mtu ana AOB haijasikizwa. Basi tukagawana AOB.

Jumamosi ya pili Mzee alikuja na quorum yake tayari kufunga. Kevo akainua mkono: mbu. Tukajadili mbu hadi jioni. Jumamosi ya tatu ikawa pedi za wasichana shuleni. Ya nne, vyoo. Ya tano, kijana mmoja wa bodaboda ambaye hatukumtuma akasimama akasema yeye hajalala vizuri tangu ndugu yake afe, na hajui aende wapi. Sister Rose akamwonyesha mlango wa chumba nambari sita.

Kwa hivyo msidhani ilikuwa michezo tu.

Lakini michezo ilikuwepo. Familia moja ilipata matanga ikaja kuomba viti. Mzee akawaambia viti viko kikaoni. Wakafanyia mkutano wa mazishi ndani ya kikao chetu, nikauandika kama ajenda ya kumi na nne. Chama cha akina mama kikafuata. Kwaya ikafanyia mazoezi hapo. Mtu akipita akiuliza "hawa wanafanya nini?" anaambiwa ni kikao cha afya ya vijana, na ni kweli.

Sasa twende Jumamosi iliyopita.

Lori likaingia uwanjani. Akashuka afisa kutoka ile ofisi ya orofa ya tano, suti, faili kwapani. Anataka viti vyote. Kuna sherehe kubwa ya afya ya vijana, wageni wengi wanakuja, na sherehe ikiisha vitarudishwa stoo.

"Stoo gani?" nikamuuliza.

"Si hiyo room six."

"Bosi, hiyo ndiyo room ya vijana. Wako ndani saa hii wanatibiwa."

"Basi wakimaliza pia wao waje kwa sherehe. Kutakuwa na soda."

Wakuu, nilishikwa na kicheko na kilio kwa pamoja.

Kevo akainua mkono, AOB. Afisa akasema AOB zimefutwa kwa amri ya ofisi. Quorum ilikuwepo, kulikuwa na kwaya nzima. Afisa akamgeukia Mzee Wanjala: "Mzee, funga na maombi tubebe hivi viti."

Mzee akasimama, akavua kofia. Mlango wa chumba nambari sita ulikuwa wazi, na ilikuwa tarehe ya Sharon. Alikuwa amekaa mezani kwa Sister Rose, akituangalia. Nikafumba macho kwa sababu sikutaka kuona sura yake.

Mzee akaomba. Akaombea nchi. Akaombea lori na dereva wake. Akaombea viti, kuanzia nambari moja, na alipofika kiti cha arobaini kilichovunjika mguu akakiombea kwa kirefu. Afisa akakohoa. Mzee akaendelea.

Kisha sauti ikashuka. "Na Mungu, unakumbuka Naliaka, mtoto yangu. Alikuwa na hii ugonjwa ya huyu msichana. Alikufa akiwa na miaka kumi na tano, tukiwa bado kwa laini ya kliniki."

Miaka yote hiyo tunamjua, hakuna aliyekuwa anajua.

Akanyamaza. Tukangoja. Nikafungua jicho moja. Mzee alikuwa amevaa kofia yake na amekaa.

Afisa akasema, "Amina?"

"Bado," Mzee akamjibu.

"Unamaanisha nini bado?"

"Maombi haijaisha. Nimechoka, mimi ni mzee. Nitaendelea siku ingine." Akafungua counter book, akaangalia ile safu ya pili, akafunga kitabu bila kuandika kitu. "Na viti ya mtu anaomba haibebwi."

Lori likaondoka tupu. Afisa angefanya nini? Abebe kiti katikati ya sala, mbele ya kwaya?

Funzo nililopata ni kwamba sisi vijana tulihangaika na barua na ngazi za orofa ya tano, tukamwona mzee wa viti kama adui, na hatukuwahi kumuuliza hata siku moja ana watoto wangapi. Nimejilaumu sana kwa hilo. Haba na haba tunajaza kibaba, lakini kibaba kiko kwa watu tunaowapita kila siku.

Sharon anarudi kliniki mwezi ujao. Kikao kinaendelea.

Kwa hivyo tafadhali, mwenye swali, ushauri, matusi au hadithi ya zahanati ya kwao, aandike hapo chini. Maoni yote nitayanakili kwenye minutes kama AOB, na zinahitajika nyingi.

Ila nawaomba kitu kimoja, na hapa sitanii. Asitokee mtu akaandika Amina.