Alimpita Bibi Yake Bila Salamu

Na si kwamba simpendi huyu mtoto, jamani, nampenda kama nimemzaa. Admin, nifichie jina. Nina miaka 24, naishi Bariadi, nina miezi mitano kwenye ndoa. Mume wangu ni fundi gereji, na akirudi jioni hata oili ya mikononi mwake kwangu ni manukato! Nilimkuta na binti wa miaka sita, mama yake alifariki.

Mume wangu alisema tangu mwanzo, "Simu si ya mtoto." Lakini mimi nilitaka tukae wawili tu barazani, tuongee yetu. Nikawa namwekea binti katuni kwenye simu yangu, chumbani, tangu atoke shule mpaka chakula. Kucheza nje akaacha kabisa. Nilimwambia, "Usimwambie baba." Hakusema.

Juzi tulikwenda Nkoma kwa mama mkwe, wanavuna pamba. Alisimama ng'ambo ya njia, mikono ameinyoosha, anamsubiri mjukuu apige magoti amsalimie Kisukuma, "Mwangaluka," kama zamani. Binti akapita kama amepita kichaka.

"Eee! Huko mjini mmemfundisha dharau?" mama mkwe akasema. "Hata mimi?"

Mume wangu kwa aibu akampigisha magoti juani. Mtoto analia, "Baba, sikumwona."

"Bibi mzima hivi hukumwona?"

Nikajishughulisha na mizigo.

Baadaye bibi akampa pamba achambue, safi huku, fifi, ile yenye uchafu, kule. Kila kipande alikipeleka mpaka puani. Nikamnong'oneza, "Unawaona wale mbuzi pale?" Akanikodolea macho. "Mama, mbuzi gani?" Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Jirani yangu nesi anasema kukodolea simu kwa karibu saa nyingi, bila kucheza nje, kunaweza kumpunguzia mtoto uwezo wa kuona mbali. Apimwe haraka, labda apewe miwani. Lakini nitampelekaje bila kumwambia baba yake kwa nini? Amemwadhibu mwanawe kwa kosa langu. Naogopa yale macho anayonitazama nayo yatabadilika. Ndugu zangu, nianzie wapi kumwambia?

Mama mkwe amepiga simu, anataka mjukuu aje aombe radhi. Nimemjibu tutakuja kabla mwezi haujaisha, na safari hii nitamshika binti mkono mpaka miguuni pa bibi yake, amwone.