Shuka Jekundu Ambalo Halikulowekwa

Nimeshona sare za shule hapa Same kwa miaka mingi, na mtu akiniuliza nilianza lini kuchoka, sina jibu. Mgongo ulitangulia, macho yakafuata. Nilipoombwa niwafundishe kina mama ushonaji kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, nilikubali kwa sababu moja tu: nilidhani mwalimu hukaa. Mwalimu wa cherehani hakai. Anazunguka kutwa kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Huyu uzi umemkatikia, yule kavunja sindano, mwingine kashona mkono wa blauzi nje ndani na bado anabisha.

Nyumbani nilikuwa na magunia ya vipande vilivyobaki kwenye zile sare, kaki na bluu na vyeupe. Nikaviunga vikawa blanketi la viraka, ndani nikaweka blanketi kuukuu, nikaja kulitandaza mezani walione. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, sisi tumekua na viraka matakoni. Leo unatufundisha kuvirudia?" Wakacheka, nami nikacheka, ingawa moyoni nilitamani kuwafukuza wote nikalale.

Jumamosi iliyofuata walikuja na mifuko. Vitenge vya sare za harusi, kanga zilizochanika pindo, mapazia. Tukajiwekea desturi: kabla ya kuanza kazi, kila mmoja anaonyesha alichokiunga wiki hiyo na kueleza vipande amevitoa wapi. Walio wadogo kwa umri walileta picha za kwenye simu, mablanketi ya nchi za baridi yenye nyota na maua. Tuliyasifia, kisha kila mtu akarudi kwenye mfuko wake.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa bibi wa Gonja, kule milimani. Alishuka mjini kumlea mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka minne, baada ya binti yake kufariki. Yeye alileta gauni jeupe la kipaimara la huyo binti. Nguo nyingine ndugu waligawana siku ya kuondoa matanga, likabaki hilo tu.

"Mtoto halimtoshi," alisema. "Na siku litakapomtosha sijui kama nitakuwepo. Bora ajifunike nalo sasa."

Mpangilio aliutoa kichwani mwake. Katikati vipande vyeupe, na hiyo, alisema, ni ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya mashamba kule milimani. Kutoka kwenye ndiva ishuke mistari ya kijani, mifereji. Chini kabisa, pembeni kote, pawe pekundu. Hapo ni tambarare, kwa wafugaji.

Mfugaji tulikuwa naye mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akiuza maziwa Hedaru, kando ya barabara kuu. Wenzake walimwita yeyo, kama watu wanavyowaita mama wa Kimasai. Alisema maneno machache, na mshono wake ulinyooka kuliko wa yeyote pale ukumbini, mimi nikiwemo. "Nyekundu nitaleta mimi," alisema.

Sasa, sheria yangu ya kwanza, niliyoisema siku ya kwanza kabisa, ni kwamba kitambaa kipya hulowekwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kukatwa. Kama rangi inachuja, ichuje peke yake. Jumamosi aliyoleta shuka lake, jekundu, la pamba, bado lina mikunjo ya dukani, yeyo alifika mapema. Tulikuwa wawili tu. Bomba lilikuwa halijatoa maji tangu Jumatatu, na ukumbini palikuwa na ndoo moja niliyoibeba mwenyewe kutoka kwa jirani, kiuno kikinilalamikia njia nzima.

"Mwalimu, niloweke?" aliuliza.

Nikaitazama ile ndoo. "Acha," nikamwambia. "Mashuka haya hayachuji. Kata tu."

Akanitazama kidogo, kisha akachukua mkasi.

Ilituchukua Jumamosi tano. Siku ya kumkabidhi bibi blanketi, bomba lilikuwa limerudi, tukasema tulifue kwanza kutoa vumbi na alama za chaki. Beseni liligeuka damu mbele ya macho yetu. Tulisuuza, tukatia chumvi, tukasuuza tena. Ndiva ya bibi ilitoka na mabaka mekundu, na gauni lilikuwa limekatwa lote, hapakuwa na kipande cheupe cha kubadilishia. Bibi hakulia. Alikishika kipande kimoja akawa anakisugua kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Kwani hakuloweka?" mtu akauliza.

"Hawa watu wa porini wataloweka nini," mwingine akajibu.

Wote wakamgeukia yeyo. Yeyo akanigeukia mimi. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi mno: nilimkataza mimi. Nikainama, nikaanza kuokota pini sakafuni. Nikiwa huko chini nikamsikia akisema, "Nisamehe, bibi."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili. Nikajiambia Hedaru ni mbali, nauli, jua, labda ng'ombe wamehamishwa. Uongo wa kujidanganya mwenyewe hauhitaji hata kupigwa pindo. Nilikuwa nikirudi nyumbani navua viatu nakaa kitandani na nguo za kutwa, na najua kabisa kwamba si kazi ya cherehani iliyonichosha hivyo.

Jumamosi ya tatu bibi, ambaye naye hakuwa amekuja tangu siku ile, alifika akiwa mchangamfu. Mtoto, alisema, hakubali kulala bila lile blanketi, mabaka na yote. Kisha akawaambia wenzake, "Na yule yeyo mlimsema bure. Ana adabu. Kesho yake tu alinifuata nyumbani na mbuzi jike. Anasema kwao ukimharibia mtu kitu, huendi na maneno matupu."

Mbuzi. Mimi nilikuwa naokota pini, mwenzangu anapandisha mbuzi kwenye basi kulipia kosa langu.

Nikasimama nikasema. Niliwaambia habari ya ndoo, na swali lake, na jibu langu. "Aliyeuliza ni yeye. Aliyesema acha ni mimi." Aliyesema watu wa porini akawa anautafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi?" bibi akaniuliza.

"Nimechoka, bibi." Ndilo nililokuwa nalo.

"Wote tumechoka, mwanangu," alisema. "Jumatatu uje umchukue mbuzi wa watu."

Nilimchukua. Alilia ndani ya buti la basi kutoka Same mpaka Hedaru, na abiria wakawa wananitazama kana kwamba ninayelia ni mimi. Nilimkuta yeyo mahali pake, karibu na malori yanapoegeshwa, na madumu yake ya maziwa. Aliinuka.

"Shikamoo, mwalimu."

Nimeitikia shikamoo maisha yangu yote bila kufikiri. Siku ile niliitikia marahaba nikiitazama kamba ya mbuzi. Nilimwambia nimemrudishia mbuzi wake na kwamba kosa lilikuwa langu.

"Hilo najua," alisema. "Nilikuwepo. Umewaambia ambao hawakuwepo?"

"Nimewaambia."

"Wote?"

"Wote. Na bibi."

Alimpapasa mbuzi mgongoni, akamkagua miguu, akaishika kamba. Nilidhani tumemaliza. Nikageuka nitafute basi la kurudi, vumbi la malori likiniingia machoni.

"Mwalimu," akaniita. "Jumamosi nitakuja. Lakini maji nitabeba yangu."